Kuhesabiwa Ibuta: Safari ya Sensa Magharibi ya Tabora

Nilikwenda Tabora kwa sababu mbili, na ofisi ilijua moja tu. Serikali ilikuwa inahesabu watu kwa mara ya pili tangu uhuru. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya takwimu, Dar es Salaam, na nilipangwa kuwa msimamizi wa makarani katika wilaya moja iliyo magharibi ya mji wa Tabora. Wenzangu waliomba Tanga na Morogoro, wakapewa. Mkuu wangu wa kazi aliniambia, "Esta, wewe ni Mnyamwezi, utasikilizana nao." Sikubisha, maana sababu yangu ya pili ilikuwa hukohuko.

Mama yangu alikuwa na mdogo wake aitwaye Maganga. Wakati wa operesheni ya kuwapeleka watu katika vijiji vya ujamaa, Maganga alipakiwa lorini na mkewe, kuku wao na milango ya nyumba yao, akatolewa kitongoji cha Ibuta alikozaliwa, akashushwa mahali palipopimwa kwa kamba. Tangu hapo habari zake zilitufikia vipandevipande. Tulisikia binti yake Kalunde amefariki kwa uzazi. Kisha tukasikia Maganga ametoroka kijijini na kurudi porini. Mama alilikataa hilo neno la mwisho. "Pale si porini," alisema. "Pale nimezaliwa. Nenda ukamtazame mjomba wako."

Niseme pia kwamba nilikuwa naiamini kazi yangu. Redio ilikuwa ikisema kila siku, na mimi nilikuwa nikirudia semina hadi semina, kwamba nchi isiyojua idadi ya watu wake hupanga gizani. Ukijua watoto wako wapi, utajua shule ijengwe wapi. Ukijua kina mama wako wapi, utajua zahanati iende wapi. Niliona ni haki ya kila mtu kuhesabiwa, kama ilivyo haki yake kuitwa kwa jina.

Stesheni ya Dar es Salaam siku ya kuondoka ilijaa mizigo yetu. Mabegi ya makarani, maboksi ya penseli na vifutio, mabunda ya madodoso yaliyofungwa kwa kamba za katani. Katika mabehewa ya nyuma yalipandishwa magari aina ya Landrova, mapya kabisa, yakiwa na viti ambavyo bado vimefunikwa nailoni. Tuliambiwa ni msaada wa wafadhili kwa ajili ya sensa. Niliyatazama kwa fahari. Nilifikiri: watu wa mbali wameona umuhimu wa kumjua mtu wa Ibuta.

Dodoma tulifika kukiwa na vumbi jekundu hewani. Baada ya hapo treni ilikokota mwendo katika nchi kavu: Saranda ambako wanawake hupitisha kuku wa kuchoma madirishani, Manyoni, kisha Itigi na vichaka vyake visivyo na mwisho. Reli ile imefuata njia ya misafara ya zamani. Babu wa mama yangu alikuwa mpagazi katika njia hiyo, akishuka pwani na pembe za ndovu begani na kupanda na vitambaa. Nyumbani walisimulia kwamba kila asubuhi kiongozi wa msafara aliwahesabu wapagazi, na aliyekosekana hakutafutwa ila kwa sababu ya mzigo wake. Nilikuwa nimesikia habari hiyo tangu utotoni bila kuitilia maanani.

Tabora nilipokelewa na Bibi Zuwena wa mtaa wa Gongoni, rafiki wa mama yangu tangu ujana wao. Mumewe alikuwa fundi bati, na ua wao ulijaa ndoo, koroboi na makarai yanayongoja wenyewe. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunikumbatia, akanipa kahawa na kashata, akauliza habari za mama moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa. Nikamweleza kama nilivyozoea kueleza kwenye semina: shule, visima, zahanati.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "Mjerumani alihesabu vibanda, akaleta kodi. Mwingereza alihesabu vichwa, akaleta kodi nyingine. Hawa wetu nao walikuja wakauliza kaya ngapi ziko wapi, nikaona malori yanapita hapa barabarani yamejaa watu na vitanda. Mimi nitahesabiwa, maana serikali ni yetu. Lakini usiniambie nifurahi."

Nilimwambia yale malori hayakuwa ya ofisi yetu. Akasema hajui ofisi, anajua malori. Mumewe aliingilia kati akamsihi asimvunje moyo mgeni, na mazungumzo yakageukia bei ya bati na sukari isiyopatikana.

Makao ya wilaya nilikokwenda kuripoti sitayataja, wala ofisa mipango wa pale, kwa kuwa ana watoto na wajukuu. Alikuwa mtu mwenye adabu, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi vizuri. Moja ya zile Landrova ilikuwa tayari imeegeshwa mbele ya ofisi yake. Nilipoomba inipeleke vijijini, alinijibu kwa masikitiko kwamba petroli iliyopo ni ya wageni wa mkoa. Alinipa ramani ya wilaya, akaniambia vijiji vyote vilivyoandikishwa vimo. Nikatafuta Ibuta kwa jicho. Haikuwamo. Mahali pake palikuwa peupe, pamepigwa vistari vya kuonyesha msitu.

Kaliua niliingia kwa treni ya Kigoma. Ni hapo reli inapogawanyika, moja ikielekea ziwani na nyingine Mpanda, na abiria hushuka wakasubiri treni nyingine kwa matumaini zaidi kuliko kwa ratiba. Nilipata lori la tumbaku lililokuwa linapanda kaskazini. Kwenye kizuizi cha mbung'o mlinzi alizunguka lori na wavu wake akitafuta wale nzi, akatutazama na sisi juu ya magunia, akaturuhusu. Njia nzima ilikuwa misitu ya mininga na mitundu, mizinga ya nyuki imening'inia juu, majani yamechomwa moto kama inavyofanyika kila kiangazi. Dereva alinionyesha njia iendayo Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi. Alisema kule wana zahanati, na dawa zipo, kwa sababu wale huhesabiwa kila mara na mashirika yanayowalisha. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja kijiji kilichopata mvua.

Tumaini ndilo lilikuwa jina la kijiji alikopelekwa mjomba. Nyumba zilipangwa mistari miwili iliyonyooka, mlango ukitazama mlango, na barabara pana katikati ambayo hapakuwa na gari la kuipita. Nilipotembea nikagundua kwamba nyumba nyingi zilikuwa tupu. Nyingine zilikuwa zimeng'olewa madirisha, na moja ilikuwa na mbuzi. Pampu ya kisima ilikuwepo, mpini wake umefungwa kwa waya. Ilikuwa imeharibika siku nyingi.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Shija, alinipokea kwake. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, mkulima wa tumbaku, na mkewe alitupikia ugali wa muhogo na uyoga wa kukausha. Baada ya kula alinieleza hali ilivyo bila kuficha. Watu walikuwa wameanza kurudi kwenye matongo, yaani mahali palipokuwa na nyumba zao za zamani, kwa kuwa mashamba yao yako huko, mizinga yao iko huko, na maji yako huko. Tarafani yeye alikuwa akiripoti kwamba wapo, wameenda kulima tu. Kama angesema kweli, mgambo wangekuja kuwachomea vibanda na yeye angevuliwa uenyekiti.

"Sasa sikia, mwanangu," alisema. "Tumeambiwa zahanati inakwenda kwenye kijiji chenye watu wa kutosha. Mkihesabu hizi nyumba kama zilivyo, hatufiki. Watu wa matongo wakihesabiwa hapa, tunafika na kuzidi."

Nilimweleza kanuni. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Siwezi kumwandika Tumaini mtu aliyelala Ibuta. Alikuna kidevu. Kisha akasema kama kanuni ni kulala, basi watalala. Angetuma watu kwenye matongo yote wawaombe waje usiku huo mmoja tu, walale katika nyumba zao za kijijini, asubuhi wahesabiwe, warudi. Je, kuna kosa? Nilifikiri nikaona hakuna. Sheria yetu ilikuwa inauliza alipolala. Haikuuliza amelala kwa furaha au vipi.

Siku iliyofuata nilikwenda Ibuta pamoja na mjumbe wa mwenyekiti. Tulitoka alfajiri na kufika jua likiwa limeelekea magharibi. Hapakuwa na alama ya barabara, lakini mtu angeweza kujua anakaribia kwa viazi vilivyopandwa kwenye matuta na moshi mwembamba juu ya miti. Palikuwa na nyumba chache za nyasi, kisima kilichochimbwa kwa jembe chenye maji meupe kama maji ya mchele, na mjomba wangu akiwa amechuchumaa anachonga gome la mzinga.

Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mpwa wangu," akaniangalia kwa muda, na machozi yakamtoka kwa kuwa, kama alivyosema baadaye, nina paji la uso la dada yake. Mkewe, Nyamizi, alitoka jikoni akanishika mikono yote miwili. Walituwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Tulikula tukisemezana Kinyamwezi, lugha ambayo sikuwa nimeitumia kwa kirefu tangu niondoke nyumbani.

Jioni ile Nyamizi alinisimulia kifo cha Kalunde. Walikuwa bado wanaishi Tumaini. Uchungu ulimshika Kalunde mchana, mtoto akakaa vibaya, na wakunga wa kijiji wakashindwa. Walimpakia kwenye baiskeli kwenda kutafuta hospitali, mumewe akisukuma, Nyamizi akimshikilia kwa nyuma. Alipoteza damu njia nzima. Walikuwa hawajafika hata nusu ya safari aliposema ana usingizi. Walimzika hukohuko kando ya njia, yeye na mtoto wake ambaye hakuzaliwa, kwa sababu jua lilikuwa kali na hapakuwa na namna ya kumrudisha. Nyamizi alisimulia haya akiwa anamenya karanga, na hakuacha kumenya.

Baada ya mazishi Maganga alisema hakai tena Tumaini. Alisema walimwahidi zahanati alipopandishwa lorini, na ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya apande bila kupigana. Kama zahanati haipo, basi na yeye hayupo. Akarudi Ibuta, na Nyamizi akamfuata.

Mjumbe alipoeleza ombi la mwenyekiti, mjomba alikataa pale pale. Mke wake hakukataa. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili lilikuwa limekaa kati yao muda mrefu, likingojea tu mtu wa kulitaja.

"Mimi nitakwenda," Nyamizi alisema. "Nikilala usiku mmoja wakaongeza kichwa, na kichwa hicho kikaleta zahanati, nitakuwa nimelala kwa faida ya mtoto wa mwenzangu."

"Ukilala kule utakuwa umesema tunaishi kule," mjomba alijibu.

"Waandike wanavyotaka. Mimi nataka nesi."

Maganga alinigeukia mimi. Aliuliza kama ni kweli kwamba karani atamhesabu mtu popote alipolala, hata kama hapo hapapo kwenye ramani. Nikasema ni kweli, ndiyo kanuni. Akauliza kama nitampa mgambo jina lake. Nikamwambia sheria inakataza, majibu ya mtu ni siri, kinachotoka ni jumla tu. Nilisema kwa uhakika kwa sababu nilikuwa na uhakika. Akasema, "Basi nihesabu hapa. Nataka iandikwe kwamba Maganga yupo Ibuta. Wakija kunichomea, waje wakijua wanamchomea nani."

Nilimwonya kwamba zahanati ya Tumaini ingekosa kichwa kimoja kwa ajili yake. Alisema analijua hilo. Hakuwa na hasira na mkewe, wala mkewe na yeye. Asubuhi ya siku ya kuamkia sensa Nyamizi alifunga khanga mbili na chungu, akamwachia mumewe mboga, akaondoka na mjumbe na majirani kadhaa kuelekea Tumaini. Maganga aliwasindikiza hadi kwenye kichuguu, akarudi. Mimi nilibaki Ibuta, kwa kuwa hapakuwa na karani aliyepangiwa sehemu ile, na ilinipasa kuifanya mwenyewe.

Siku ya sensa Ibuta nilikwenda nyumba kwa nyumba, na nyumba zilikuwa za watu waliokataa kwenda, wazee hasa. Niliandika namba kwa chaki juu ya miimo, maana milango mingi ilikuwa mikeka. Mjomba alivaa shati lake la kanisani. Alijibu maswali yote kwa sauti, kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza. Nilipouliza jina la mahali alisema, "Ibuta," akangoja nimalize kuandika, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mzinga wake.

Kesho yake niliporudi Tumaini nilimkuta karani wa pale, mwalimu wa shule ya msingi, amefika nyumba ya Nyamizi. Alikuwa na lile dodoso refu lenye maswali ya uzazi, lakini aliona haya kumuuliza mwanamke aliyemzidi umri, akaniomba nimsaidie. Nikauliza nilivyofundishwa: umezaa watoto wangapi walio hai wakati wa kuzaliwa, na wangapi kati yao wako hai sasa. Nyamizi alitaja idadi ya kwanza. Ya pili alichelewa kuitaja. Tofauti ya idadi zile mbili tuliijua wote wawili.

Akaniuliza, "Hapo hawaulizi alikufaje?"

Nikasema hawaulizi.

"Wala wapi?"

Nikasema wala wapi. Akafikiri kidogo, akasema niendelee.

Kijiji siku ile kilikuwa na uhai. Milango iliyokuwa imefungwa ilikuwa wazi, watoto walikimbia kwenye barabara pana, moshi ulitoka kila jiko. Ndugu Shija alipita akisalimia watu kama mwenye harusi. Walipomaliza kuhesabiwa wengi walitaka kuondoka, lakini akawasihi wakae siku chache zaidi, maana ofisa angeweza kuja kukagua. Wakakaa. Ofisa hakuja. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, ila Nyamizi alisema yeye atangoja zahanati.

Makao ya wilaya nilifika na mabunda yangu kwenye lori lilelile la tumbaku. Ofisa mipango alifurahi kuniona, akaagiza chai. Tulipokuwa tunakunywa nilimweleza juu ya Tumaini, na juu ya Kalunde, nikamwomba aipe zahanati kipaumbele pindi idadi zitakapotoka. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akafungua jalada akanionyesha mpango wa wilaya, uliopigwa chapa na kutiwa mihuri kabla hata sijapanda treni Dar es Salaam. Zahanati ilikuwa imeshapangiwa kijiji kilicho karibu na stesheni, ambako wafadhili wangeweza kushuka, kuiona na kupanda treni tena. Idadi za watu zilizotumika zilikuwa zile za ripoti za operesheni, ambazo kila mwenyekiti alikuwa ameziandika kama alivyoagizwa.

Nilimwambia kwamba idadi hizo si za kweli. Akasema anajua.

"Sasa kwa nini tumewahesabu?" nikauliza.

"Dada Esta," alijibu, "wafadhili hawatoi fedha kwa nchi isiyojihesabu. Sensa ndiyo inayofungua mkoba. Mkoba ukishafunguliwa, mipango tunayo."

Alisema hivyo bila kejeli. Nadhani alidhani ananifariji, kwamba kazi yangu haikuwa bure. Nje, dereva alikuwa anaiosha Landrova. Nilimwuliza ofisa kama, kwa kuwa sasa sensa imekwisha, gari litarudishwa. Akasema limeshaingizwa katika mali za ofisi.

Tabora nililala kwa Bibi Zuwena tena. Aliniuliza tumepata wangapi. Nikamwambia bado haijajumlishwa. Aliniona uso wangu, hakuniuliza tena, akaniwekea maji ya kuoga. Treni ya kurudi ilichelewa, na stesheni nzima ilikuwa imejaa wasimamizi wenzangu kutoka wilaya nyingine, wamechoka, wanasimuliana vituko. Mmoja alisimulia habari za msimamizi mwenzake aliyejaza madodoso akiwa amekaa baa. Wakacheka. Mimi nilikaa juu ya begi langu. Nilikuwa nafikiria kwamba yule wa baa na mimi niliyekwenda Ibuta kwa miguu tungejumlishwa pamoja, na hakuna ambaye angeweza kutofautisha.

Dar es Salaam mama aliniuliza kama nilimwona mjomba. Nikamwambia nilimwona, amekonda, yupo kwao. Aliridhika na hilo. Habari za Kalunde nilimweleza zote.

Majedwali yalichukua muda mrefu kutoka. Kadi zilipita kwenye mashine, mashine zikaharibika, vipuri vikangojwa kutoka nje. Yalipochapishwa nilitafuta wilaya yetu. Tumaini ilikuwapo, na idadi yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotazamia. Ibuta haikuwapo. Nilishuka kwenye chumba cha ramani nikauliza. Kijana wa pale, mtu wa heshima, alinieleza kwamba mahali pasipoandikishwa kama kijiji hapana namba yake, kwa hiyo watu wake walijumlishwa katika kijiji kilicho karibu. Nilimwambia mimi mwenyewe niliwaandika kule. Akasema hawakupotea hata mmoja, wote wamo. Hilo lilikuwa kweli.

Nilipopata likizo nilikwenda Ibuta tena, safari hii kwa nauli yangu. Nyamizi nilimkuta huko. Alikuwa ameingoja zahanati Tumaini kwa misimu miwili ya kulima. Siku moja mtu aliyetoka stesheni alimwambia ile zahanati imeshafunguliwa kule, ina bati na rangi nyeupe. Akachukua chungu chake akarudi kwa mumewe. Ndugu Shija alikuwa bado mwenyekiti, bado anaripoti kwamba watu wapo, wameenda kulima tu. Mgambo walikuwa wamekuja mara moja, wakachoma nyumba mbili na kuondoka. Nyumba zilijengwa upya.

Tulipokuwa tumekaa kivulini mwa ghala mjomba aliuliza kama hesabu imetoka na kama yeye yumo. Nikasema yumo. Akauliza ameandikwa wapi. Ningeweza kusema uongo, na kwa kitambo nilitaka. Nikamwambia ameandikwa Tumaini.

Akasema, "Wamenilaza nisipolala."

Nyamizi alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha. Akamwambia, "Mimi nilitembea kutwa nzima nikalale kule. Wewe umefika umekaa."

Mjomba naye akacheka, nami nikacheka.

Nimeendelea na kazi ya takwimu hadi kustaafu, na sijawahi kumshauri mtu akatae kuhesabiwa. Asiyehesabiwa hana hata pa kuanzia kudai. Lakini nilichokiona katika safari ile sijakiona kikifundishwa katika semina yoyote. Serikali yaweza kumfikia mtu hadi mlangoni, ikamwuliza jina, ikaliandika bila kosa, na bado ikabaki na mpango wake iliokuja nao. Kujua si kazi ngumu. Sisi tulijua. Karani alijua, mwenyekiti alijua, na yule ofisa mwenye suti alijua kuliko sote. Watu wangu wa Ibuta walikosa zahanati katika nchi iliyokuwa inajua sawasawa kwamba wapo.